Kamba ya Tanuri

Hapo zamani, zamani ya kutosha watu kuyasahau majina lakini si ya kutosha kuisahau aibu, palikuwa na mji wa pwani uitwao Mawemeupe. Nyumba zake zilikuwa nyeupe, kuta zake zilikuwa nyeupe, hata makaburi yake yalikuwa meupe, kwa kuwa mji ule ulikula kwa chokaa. Na chokaa, kwa asiyeijua, haichimbwi ikiwa chokaa. Huanza kuwa jiwe la matumbawe. Jiwe huokotwa, likavunjwa, likabebwa, likapangwa juu ya magogo, likachomwa kutwa nzima mpaka lisahau kwamba lilikuwa jiwe. Hapo ukilitia majini linachemka, linavimba, linaanguka unga.

Nani aliokota? Wanawake. Nani alivunja? Wanawake. Nani alibeba kichwani kutoka ufukoni hadi uwanja wa tanuri, mwendo wa mtu kumaliza muhogo mzima wa kuchoma? Wanawake. Na nani alikuwa fundi wa tanuri? Hapo ndipo ilipoingia kamba.

Ilikuwa kamba ya makumbi, nene, ya urefu wa pima sita. Kabla gogo la kwanza halijalazwa, fundi alipigilia kigingi katikati ya uwanja, akaifunga kamba, akazunguka nayo akachora duara mchangani. Mstari ukishachorwa, mwanamke hauvuki. Akiuvuka, walisema wazee, mawe yatatoka mabichi. Kwa nini yatoke mabichi? Hakuna aliyejua, ndiyo maana liliitwa jambo la mila.

Basi wanawake walileta mizigo hadi mstarini, na wanaume wakaipokea pale wakaiingiza ndani, hatua tano. Mwanamke kwa kubeba kutwa alipata nusu pishi ya mchele. Mwanamume kwa hatua zile tano alipata pishi nzima. Ukiuliza, uliambiwa hatua zile tano ndizo zenye utaalamu.

Katika wabebaji hao alikuwamo binti aitwaye Mwanamvua. Shingo yake ilikuwa imara, maneno yake machache, na mama yake alikuwa amelala nyumbani na kifua kilichojaa vumbi la chokaa. Mwanamvua akitua mzigo hakukimbilia kivulini kama wenzake. Alisimama akatazama. Aliona mawe makubwa yakipangwa katikati na madogo pembeni. Aliona moshi ukitoka mweusi, kisha mweupe kama maziwa, kisha wa buluu, kisha ukaisha. Na aliona jambo jingine ambalo mji mzima ulikuwa hauoni, au ulikuwa umekubaliana usilione.

Fundi wa siku zile alikuwa Mzee Vuai, mtu mwenye sifa kutoka mji hata mji. Mkewe, Bi Kazija, alikaa nje ya mstari juu ya kigoda, akisuka ukili na kuimba. Akiimba wimbo wa harusi, Mzee Vuai alisema, "Fungueni tundu la upepo." Akiimba wimbo wa kutwanga, alisema, "Ongezeni kuni." Watu walisema fundi anapenda nyimbo. Mwanamvua alitazama macho ya fundi, akaona yameingia ukungu, na kwamba mara nyingi yameelekea pasipo na moshi kabisa.

Siku moja, akitua mzigo, alimnong'oneza bibi yule.

"Bi Kazija, shikamoo. Wimbo wa leo umechelewa kidogo. Moshi ulishageuka."

Ukili ukasimama mikononi.

"Marahaba. Mwanangu, mstari hauvukwi. Mimi nina miaka ishirini hapa, sijauvuka."

"Najua, bibi. Inavuka sauti."

"Ufunge mdomo huo! Ukiufungua tu, kesho mimi silali na chakula, wala wewe hulali nacho."

Mwanamvua akaufunga. Ilikuwa kazi aliyoimudu.

Mzee Vuai alipofariki, kamba ilimwendea mpwawe, Shaame. Je, alijaribiwa? Hakujaribiwa. Aliulizwa moshi mweupe ukizidi una maana gani? Hakuulizwa. Alikuwa mpwa, ikatosha. Shaame mwenyewe alikuwa mtu mwema, mfuga mbuzi, na aliipokea kamba kwa uso wa mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike kwa muda.

Siku ya tanuri lake la kwanza, mbebaji mmoja aitwaye Mwantumu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliutua mzigo mstarini, akanyanyua mguu, akautia ndani.

"Mwantumu! Mguu!" Shaame akapiga kelele.

"Nauona. Wangu huu, nimezaliwa nao."

"Unaharibu chokaa!"

"Chokaa ipi? Hapa pana mawe, pana kuni, na upo wewe. Niambie kipi kati ya hivyo kimeharibika."

Wanaume wawili wakacheka, kisha wakakumbuka wako upande gani.

Akaitwa jumbe wa mji, Jumbe Makungu, mzee mwenye kanzu safi sana kwa mtu anayeishi penye vumbi jeupe. Akaja, akatabasamu.

"Binti zangu, mna nini? Sisi tunawaenzi. Ninyi ni maua ya mji huu."

"Maua hayabebi mawe, Jumbe," Mwantumu akasema. "Tuna maneno mawili tu. Mzigo sawa, pishi sawa. La pili, anayetaka kujifunza tanuri ajifunze, awe na ndevu au asiwe nazo."

Akaketi chini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Na nyuma yake, mmoja baada ya mmoja, wanawake arubaini wakatua mizigo yao. Mwanamvua naye akautua wake.

Siku ya kwanza wakaimba. Siku ya pili wakaimba kidogo. Siku ya tatu asubuhi, Mwanamvua aliinama kwenye chungu akaona ukoko wa juzi, akamsikiliza mama yake akikohoa, akachukua kata yake ya kichwani, akatoka kwa mlango wa uani. Akapita mbele ya wenzake akiwa na jiwe kichwani. Hakuna aliyemtukana. Mwantumu alimtazama tu, akasogeza mguu wake ili apite.

Wale wengine walishikilia siku ishirini. Siku ya ishirini na moja watoto wao waliwashinda, wakarudi. Jumbe akawapokea wote, isipokuwa mmoja. Likatangazwa sokoni kwamba Mwantumu asipewe kazi na mtu yeyote: asibebe, asitwange, asipige sakafu, asisuke mkeka wa mtu. Mchumba wake akatuma salamu, na baada ya salamu hakutuma kitu kingine. Mwantumu akahamia kibanda cha kando ya mji, akaishi kwa chaza na viazi vya mwitu. Na mwezi uliofuata, kimyakimya, nusu pishi ya wabebaji, yaani vibaba viwili, ikawa vibaba vitatu. "Si kwa sababu ya mgomo," alisema Jumbe. "Ni huruma yangu tu." Vibaba vile wakala wote arubaini, na Mwanamvua akala. Mwantumu hakula.

Sasa, katika zile siku ishirini, Shaame alikuwa na mawe na hakuwa na watu. Mbebaji wake alikuwa mmoja, na wanaume wa hatua tano, kwa kukosa mizigo ya kupokea, walikuwa wametawanyika. Alihitaji mikono ndani ya duara, na mila ilikuwa pale pale. Alifanyaje? Aliufuta mstari kwa kisigino, Mwanamvua akapita na mzigo, kisha akauchora upya nyuma yake. "Mwanamke hajauvuka mstari," aliwaambia wazee, "maana alipopita haukuwapo." Wazee wakatafakari, wakaona ni hoja nzito. Ikawa ndiyo desturi mpya. Kila tanuri mstari ulifutwa, Mwanamvua akaingia, mstari ukachorwa. Akajua kupanga, akajua kuziba, akajua jiwe lenye unyevu kwa kuligonga na ukucha. Wenzake wakampa jina, Bi Mfuta-Mstari. Malipo yake yalibaki ya mbebaji, kwa kuwa kwa mujibu wa mchanga hakuwahi kuingia.

Bi Kazija bado alikaa kigodani akisuka, lakini sasa hakuimba, na tanuri la kwanza la Shaame likatoka bichi. La pili likatoka bichi. Tanuri lilikuwa moja kwa mwaka, maana magogo huhitaji mwaka kukauka, hivyo miaka miwili ikapita bila chokaa. Kuta zikaota madoa, mji ukacheka. Ila mwaka wa tatu birika kuu la maji ya mvua likapasuka, na visima vilikuwa vimeingia chumvi, na masika yalikuwa karibu. Hapo mji haukucheka tena. Tanuri hili likitoka bichi, birika halitapakwa. Birika lisipopakwa, mvua itapita na watu watabaki na ndoo za chumvi.

Tanuri likawashwa alfajiri. Moshi mweusi ukatoka, mweupe ukafuata, watu wakapumua. Jua lilipopanda, upepo ukageuka. Upande wa bahari ukawaka kwa hasira, upande wa mji ukalala, ukitoa moshi mzito wa maziwa.

"Litajirekebisha," alisema Shaame. Alilisema neno hilo mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili.

Mwanamvua alikuwa ndani ya duara. Alijua kuna upande unaokufa, lakini aliye ndani ya moshi haoni moshi. Aligeuka huku, akageuka kule. Ndipo aliposikia sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikisema jambo la tanuri bila kulivisha wimbo.

"Mwanamvua!" Bi Kazija alikuwa amesimama, kigoda kimeanguka, ukili miguuni. "Ziba bahari! Fungua mji! Chini, magogo mawili! Mawili, si matatu, utaliangusha!"

Mji ukageuza shingo. Mwanamvua hakugeuza. Akachukua mtaimbo, akachagua magogo mawili kati ya mia, akayang'oa bila jiwe hata moja kuporomoka. Hewa ikaingia. Lakini kuziba upande wa bahari kulitaka ukuta wa makuti mabichi, na watu wa kuushika mbele ya moto ule. Wanaume wa hatua tano walikuwa wameshapiga hatua ishirini kurudi nyuma.

"Jamani, makuti!" Mwanamvua akawaita wanawake. "Nisaidieni!"

Wanawake arubaini wakamtazama. Hakuna aliyesogea.

Pembeni mwa uwanja alikuwako Mwantumu, amekuja kuokota vijiti vya kupikia. Angeweza kunyamaza. Mji uliomnyima kazi ungenyimwa maji, na yeye alikwisha kuzoea chumvi. Alitazama moto, akamtazama Mwanamvua, akatupa vijiti.

"Mnangoja niwaandikie barua?" sauti ikavuma. "Makuti mabichi! Yaloweke! Vitenge vichwani, twendeni!"

Wakaenda. Arubaini na mmoja waliuvuka mstari mbio, na nyayo zao zikaufuta usionekane tena. Wakashika makuti mbele ya moto, mikono ikababuka, wakapokezana, Mwantumu akiwapanga, Bi Kazija akisoma moshi, Mwanamvua akisukuma na kuvuta, mpaka moshi ukawa wa buluu pande zote.

Jiwe lilipopoa likatiwa ndooni mbele ya watu. Ndoo ikachemka, jiwe likavimba, likaanguka unga mweupe. Birika likapakwa. Mvua ikanyesha, maji yakakaa.

Baraza likaitwa uwanjani. Shaame akaiweka kamba juu ya mkeka, akajipangusa mikono. "Mimi narudi kwa mbuzi wangu," alisema. "Mbuzi hawana moshi."

Jumbe Makungu akakohoa. "Mji umeona kwa macho. Sisi si watu wa kushikilia ya kale. Kamba iende kwa mwanamke." Akanyanyua kidole. "Mmoja. Ninyi watatu semeni, nani amestahili."

"Ajabu," Mwantumu akasema. "Kamba ilipokuwa yenu, nani aliulizwa kama amestahili?"

Jumbe akajifanya hakusikia. Kwa umri wake iliwezekana.

Bi Kazija akaanza. "Tazameni mji. Nyumba ile nyeupe, chokaa yake niliichoma mimi. Msikiti, mimi. Kaburi la baba yako, Jumbe, mimi. Miaka ishirini nimekuwa fundi kwa jina la mume wangu. Siombi kupewa kazi. Naomba kuitwa jina la kazi niliyoifanya, kabla sijafa."

"Haki kabisa, bibi," Mwantumu akajibu. "Na siku ile mtoto huyu alipokunong'oneza, nami nikitua mzigo nyuma yake, ulimwambia nini?"

Bi Kazija akaitazama mikono yake. "Nilimwambia afunge mdomo. Nilikuwa na mume asiyeona na mji usiosamehe. Ningesema, wangempokonya kamba, na mimi wasingenipa."

"Ungetuambia hata sisi wenzako. Mstari ule uliulinda kuliko wao."

"Niliulinda," akasema Bi Kazija. "Ulikuwa unanilisha."

Ikawa zamu ya Mwantumu. "Mimi nilitia mguu. Nilichopata mnakijua, na mlichopata ninyi mnakijua pia, mmekila kila jioni. Siku ya moto nimeita, wakaja. Nipeni kamba, na mzigo sawa utakuwa pishi sawa siku hiyo hiyo."

"Lakini tanuri hulijui, mwanangu," akasema Jumbe kwa upole mwingi, upole wa mtu aliyepata hoja. "Moshi huujui."

"Siujui. Ningeujulia wapi? Umenifungia mlango miaka mitatu, leo unaniuliza mbona sijui ndani kukoje. Shaame naye hakujua, mkampa, na hakuna aliyekufa."

"Birika lilikaribia kufa," sauti ikatoka nyuma, na watu wakacheka, na Mwantumu mwenyewe akacheka kidogo, maana lilikuwa kweli.

Wote wakamgeukia Mwanamvua. Aliitaka kamba. Aliitaka tangu siku alipoutazama moshi mara ya kwanza, aliota anaizungusha. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua vizuri namna ile.

"Nikipewa, mawe hayatatoka mabichi," alisema. "Bi Kazija anaujua moshi, lakini magogo hawezi tena kuyanyanyua. Da Mwantumu anawajua watu, lakini yeye na jiwe hawajuani. Mimi naweza kulipanga, kuliwasha, na kulizima. Sina neno zaidi ya hilo."

"Ulijifunza siku nilizokuwa na njaa," Mwantumu akamwambia, bila ukali.

"Kweli, dada. Na siku hizo mama yangu alikula."

"Je, ukishika kamba, na Jumbe akakwambia vibaba vitatu, utamwambia pishi?"

Jibu la kweli la Mwanamvua lilikuwa kwamba hajui. Hajawahi kumjibu Jumbe hata mara moja.

Jumbe akaiokota kamba, akamnyooshea. "Chukua, binti. Wewe ndiye anayefaa. Wewe huna makelele."

Mkono wa Mwanamvua ulikuwa umeshafika njiani. Neno lile likausimamisha. Akaelewa anachopewa na sababu ya kupewa, na kwamba ni vitu viwili mbalimbali. Kamba ikabaki kati yao inaning'inia. Bi Kazija aliitazama, Mwantumu aliitazama, na wanawake arubaini wenye mikono iliyobabuka wakamtazama yeye.

Basi mimi nilisimuliwa mpaka hapo, na hapo ndipo ninapowaachia. Msiniambie waikate: kamba ya pima sita ukiikata vipande vitatu inapima majiko ya kukaangia vitumbua. Msiniambie washike kwa zamu: tanuri ni moja kwa mwaka, na Bi Kazija ana miaka sabini na mmoja. Msiniambie wachome pamoja na wapendane. Watachoma pamoja, hilo halina shaka, lakini mkono unaochora duara ni mmoja, na mwenye mkono huo ndiye anayesema nani aajiriwe na kila mtu apate pishi ngapi. Na wewe uliye karibu na mlango, unayetaka kusema ingebaki kwa Shaame, toka kidogo ukapunge upepo.

Magogo ya mwaka ujao yameshakatwa, yanakauka. Mmoja alifanya kazi miaka ishirini akaificha. Mmoja aliidai kazi, akanyimwa hata nafasi ya kuijifunza. Mmoja aliiweza, kwa kuwa alipita pale wenzake walipoketi. Kamba inaning'inia, Jumbe amechoka kuunyoosha mkono. Niambieni, lakini niambieni kama mtu anayekunywa maji ya birika lile: nani alistahili kuipokea?